Nipeni Mji

Kitendawili!

Tega!

Hana mdomo, anakula. Hana mguu, lakini huvuka mpaka wa Mpondwe akaingia Bwera bila kuulizwa jina. Hana akili ya kuhesabu, lakini jioni alikuwa mmoja na asubuhi wameamka mamilioni. Ni nani?

Upepo? Upepo hauzai. Moto? Moto wote tunauona. Moshi? Sivyo. Basi kama mmeshindwa, nipeni mji.

Mnanipa Kampala? Siutaki, ni mbali. Mnanipa Kasese? Nitapita hapo, lakini sikai. Mnanipa Kahendero! Haya, huo nimeupokea.

Nilikwenda Kahendero. Nilitoka mjini Kasese nikashika barabara ya kusini, milima ya Rwenzori ikiwa mkono wa kulia. Nilipofika Muhokya nikaacha lami, nikakata kushoto kuteremka ziwani, kwenye kijiji cha wavuvi kilichozungukwa na Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth. Nikakuta mitumbwi imevutwa ufukweni, nyavu zimeanikwa, na mbele yangu Ziwa George lenye maji ya kijani. Si kijani cha siku moja. Ni kijani mwaka mzima. Ukizamisha mkono mpaka begani, vidole vyako huvioni.

Kijani kile si rangi ya maji, wala si majani yaliyooza. Ni viumbe hai. Kila tone limejaa viumbe vidogo mno ambavyo jicho lako haliwezi kuvitenga kimoja na kingine, likaona rangi tu. Huyo ndiye jibu la kitendawili: kijidudu. Elimu inayomchunguza huitwa mikrobiolojia, na leo tutaisoma kwa kutembea naye kuanzia ziwani, kupitia jikoni, mgodini na hospitalini.

Vijidudu ni wa koo nyingi. Kuna bakteria, ambao mwili wao mzima ni chembe moja tu. Ukiwapanga wadogo wa kawaida elfu moja kwenye mstari, mstari huo utakuwa na urefu wa milimita moja hivi. Kuna kuvu, na hamira ya mandazi ni kuvu. Kuna protozoa, na kimelea cha malaria kiko katika ukoo huo. Mhudumu wa kituo cha afya anapokutoboa kidole na kupaka damu kwenye kioo, huyo ndiye anayemtafuta. Kuna mwani. Na kuna virusi, wadogo kuliko wote hao, wasioweza kuzaliana mpaka waingie ndani ya chembe ya kiumbe mwingine.

Mtu aliyetangulia kuandika alichokiona katika maji ya ziwa alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa. Jina lake Antoni van Leeuwenhoek, wa mji wa Delft, Uholanzi. Hakuwa daktari wala hakusoma chuo kikuu. Alijifunza kusugua vipande vidogo vya kioo mpaka vikakuza vitu zaidi ya mara 200. Mwaka 1674 alichota maji kutoka ziwa moja karibu na kwao, ziwa ambalo wakati wa joto maji yake yalijaa mawingu madogo ya kijani. Wenyeji walikuwa na maelezo yao: walisema ni umande umeyageuza. Yeye aliweka tone kwenye kioo chake, akaona viumbe vikiogelea. Miaka miwili baadaye akawaona bakteria. Mtoto wa Kahendero anayeuliza kwa nini ziwa lao ni la kijani anauliza swali lile lile lililofungua elimu hii.

Sasa turudi kwenye ziwa letu. Wengi wa viumbe vile vya kijani ni bakteria wa aina ya sayanobakteria, wanaotumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula kama mimea ifanyavyo. Ziwa George limekaa kwenye mstari wa ikweta, kwa hiyo jua halikosekani mwezi wowote. Tena ni ziwa la kina kifupi sana: lina ukubwa wa kilomita za mraba 250 hivi, lakini kina chake kwa wastani ni mita mbili na nusu tu. Upepo ukivuma, maji huchanganyika kutoka juu mpaka tope la chini, na mbolea iliyolala chini hupanda kuwafuata walaji wake juu. Fikirieni shamba ambalo mvua, jua na jembe haviondoki hata siku moja; ndivyo lilivyo ziwa hili.

Na mbolea inatoka wapi? Nyingine huletwa na mito ya Rwenzori. Nyingine huletwa na viboko. Usiku kiboko hutoka majini kwenda kula nyasi, mchana hurudi kujipoza, na akishajipoza humwaga kinyesi humo humo. Bakteria wengine hukivunja kinyesi kile vipande vipande mpaka kinakuwa chumvichumvi ambazo sayanobakteria wanaweza kuzinywa. Isitoshe, baadhi ya sayanobakteria hao wanajua kazi ambayo mnyama yeyote haiwezi: kuchukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa mbolea. Zaidi ya robo tatu ya hewa tunayovuta ni naitrojeni, lakini mapafu yetu huiingiza na kuitoa vile vile ilivyo. Kijidudu ndiye mwenye ufunguo wake.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, wanasayansi kutoka Uganda na Uingereza walipiga kambi kwenye ziwa hili kwa miaka kadhaa, katika mradi wa dunia nzima wa kuchunguza mazingira. Walitaka kujua ziwa dogo namna hii linawezaje kutoa samaki wengi. Jibu mojawapo walilipata ndani ya tumbo la ngege, yule samaki ambaye watu wa Mwanza humwita sato.

Sayanobakteria wana ganda gumu, na ilidhaniwa samaki huwameza na kuwatoa wakiwa wazima. Mtafiti mmoja, David Moriarty, akawapasua ngege waliovuliwa saa mbalimbali za siku. Akaona kwamba ngege huanza kula alfajiri, na chakula cha kwanza hupita tumboni kikiwa bado kibichi, cha kijani. Lakini kadiri anavyoendelea kula, tumbo lake linamwaga tindikali, na tindikali hiyo huwa kali kuliko ile ya matumbo ya wanyama wengi. Baadaye mchana chakula kinatoka tumboni kimegeuka rangi ya kahawia, maganda yamepasuka, na ngege ameshiba. Usiku anapumzika, tindikali inapungua, na kesho anaanza upya.

Kwa hiyo mnapomwona ngege kwenye sinia, huyo ni mwanga wa jua na nyasi za kiboko, vilivyopitia mikononi mwa vijidudu mpaka vikawa kitoweo. Ada ya shule inayolipwa kwa fedha za samaki wa Kahendero imeanzia kwa kiumbe ambaye hakuna aliyemwona kwa macho matupu.

Deni letu kwao ni la zamani kuliko ziwa lenyewe. Kulikuwa na wakati ambapo hewa ya dunia haikuwa na oksijeni ya kupumua. Sayanobakteria walipoanza kutumia jua kujilisha, waliitoa oksijeni kama taka ya kazi yao, na yapata miaka bilioni 2.4 iliyopita taka hiyo ilianza kujaa hewani. Wanyama wote, na sisi pamoja nao, tulikuja baada ya hapo.

Niliondoka ufukweni nikapanda kwa Wakonzo wa milimani, nikaingia jikoni. Huko nako nikawakuta. Muhogo ulikuwa umelowekwa, maana muhogo mchungu una sumu inayotoa sayanidi. Ukikaa majini siku kadhaa, vijidudu huulainisha na kusaidia sumu ile itoke. Ndipo unaanikwa, unatwangwa na kusongwa. Pembeni kulikuwa na bushera, uji wa mtama uliochachuka. Bakteria walikuwa wamekula sukari ya nafaka na kutoa tindikali, ndiyo maana uji ule ni mchachu, na ndiyo maana hauharibiki upesi: vijidudu wengi wa kuozesha hawapendi uchachu. Maziwa ya Wasongora wanaochunga ng'ombe tambarare hugeuka mtindi kwa kazi hiyo hiyo.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na kahawa. Buni ikishamenywa hubaki na utelezi unaokataa kutoka kwa maji matupu. Mkulima huiacha ndani ya chombo, kwa kawaida usiku mzima au zaidi, na vijidudu huula utelezi ule. Asubuhi buni husuguliwa, ikaoshwa, ikawa safi. Kahawa ya Rwenzori iliyooshwa hivyo, inayonywewa Ulaya, imeshapita kwa wafanyakazi hao kabla haijafika bandarini.

Shambani waliniomba ning'oe mche wa maharage. Mkipata ruhusa, ng'oeni na nyinyi mmoja mtazame mizizi yake. Mtaona vinundu vidogo. Msidhani ni ugonjwa. Ndani yake wamo bakteria wanaovuta naitrojeni ya hewani, kama wale wenzao wa ziwani, na kuulisha mmea. Pasueni kinundu kwa kucha: kikiwa na rangi nyekundu ndani, wamo kazini. Mahindi yanayopandwa baada ya maharage hunufaika na mabaki ya kazi hiyo.

Nilipofika mjini Kasese nilionyeshwa jambo ambalo watoto wengi wa hapo hawalijui, nalo lilitokea kwao. Kuanzia mwaka 1956 mgodi wa Kilembe ulichimba shaba. Baada ya shaba kutolewa, yalibaki mawe yaliyosagwa yenye chuma, salfa na madini ya kobalti ndani yake. Yalirundikwa karibu na mji, na uchimbaji uliposimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, lilikuwa limebaki lundo la karibu tani milioni moja. Humo wakaingia bakteria wa aina ya ajabu, ambao chakula chao ni chuma na salfa. Wakila, hutoa tindikali. Mvua ikawa inanyesha juu ya lundo, tindikali ikatiririka na metali zake kuelekea hifadhini na Ziwa George, na ilikopita mimea ikafa, ardhi ikabaki tupu.

Sasa sikilizeni walichofanya wataalamu. Walisema: ikiwa bakteria hawa wanajua kula mawe haya, na tuwape kazi hiyo mahali tunapoweza kuwachunga. Kikajengwa kiwanda cha Kasese Cobalt, kikaanza kutoa madini mwaka 1999. Mawe yaliyosagwa yalitiwa ndani ya matangi makubwa yenye maji, bakteria wakawekwa humo, wakapuliziwa hewa, wakapewa mbolea, wakahifadhiwa kwenye joto la nyuzi 42 hivi. Walikula salfa na chuma, kobalti ikafunguka na kuyeyuka kwenye maji, kisha ikakusanywa. Kobalti hutumika katika betri na katika injini za ndege. Kiwanda kilifanya kazi kwa zaidi ya miaka kumi mpaka lundo likaisha.

Bakteria ni wale wale. Walipoachwa wazi chini ya mvua, waliua nyasi. Walipowekewa mipaka na mtu aliyewafahamu, walifanya kazi ambayo ingehitaji tanuru kubwa na moshi mwingi. Shikeni neno hili, maana ndilo ninalolibeba katika hadithi yote: kijidudu hana wema wala ubaya moyoni mwake. Ana chakula chake na ana njia zake. Mwenye kuzijua njia hizo ndiye anayeamua atakutana naye wapi.

Na kuna wale ambao hatutaki kabisa kukutana nao.

Wa kwanza ni bakteria wa kipindupindu. Ukimmeza, hukaa kwenye utumbo na kutoa sumu inayoulazimisha utumbo umwage maji ya mwili. Mtu mzima mwenye nguvu asubuhi anaweza kuwa mahututi jioni, kwa sababu tu mwili wake umekauka. Nchini Uganda watu wa vijiji vya wavuvi ni sehemu ndogo ya wananchi, lakini watafiti walipohesabu wagonjwa wa kipindupindu wa mwaka 2011 hadi 2015, zaidi ya nusu walitoka huko. Sababu inaonekana ukisimama ufukweni. Ardhi imelowa, choo kirefu hakichimbiki kwa urahisi. Asiye na choo huenda vichakani, mvua husomba kila kitu mpaka ziwani, na ndoo ya maji ya kunywa huchotwa ziwa hilo hilo.

Mwaka 1854 kipindupindu kiliua mamia ya watu katika mtaa mmoja wa London. Daktari John Snow alipita nyumba kwa nyumba akiuliza waliokufa walikunywa maji ya wapi. Majibu yakampeleka kwenye pampu moja. Akawashawishi viongozi wang'oe mpini wake, watu wakaacha kuchota hapo. Snow hakuwa amemwona kijidudu, wala hakujua sura yake. Alijua njia yake, na hiyo ilimtosha kuikata.

Njia ya kipindupindu ni kutoka chooni mpaka mdomoni. Hukatwa kwa choo, kwa maji yaliyochemka au kutiwa dawa, na kwa sabuni kabla ya kula. Akishamwingia mtu, msimnyime maji mkidhani mtazuia kuharisha. Mpeni chumvichumvi za pakiti. Zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya bapa, huku mkimkimbiza kwenye kituo cha afya. Sukari huusaidia utumbo kuvuta chumvi, na chumvi huvuta maji.

Wa pili ni bakteria wa kimeta. Huyu ndiye bakteria wa kwanza kuthibitishwa kuwa chanzo cha ugonjwa. Robert Koch wa Ujerumani alifanya hivyo mwaka 1876. Mambo yakiwa magumu hujifunga ndani ya ganda na kulala udongoni miaka mingi, hata makumi ya miaka, akimngoja mnyama. Mwaka 2004 na 2005 aliua mamia ya viboko katika Hifadhi ya Queen Elizabeth, na mwaka 2010 akarudi. Njia yake ni udongo, ngozi, damu na nyama ya mzoga. Kwa hiyo mkikuta kiboko, nyati au ng'ombe amekufa bila jeraha, msimguse, msimchune, na nyama yake isiingie chunguni hata kama njaa inauma. Mwambieni askari wa hifadhi au daktari wa mifugo.

Wa tatu ni kirusi cha Ebola. Juni 2019, mtoto wa miaka 5 alivuka na jamaa zake kutoka Kongo akiwa mgonjwa. Wahudumu wa Hospitali ya Kagando walishtukia dalili zake, akahamishiwa Bwera, na damu yake ikapelekwa Entebbe kwenye Taasisi ya Uganda ya Utafiti wa Virusi. Tarehe 11 mwezi huo jibu likatoka: ni Ebola. Mtoto yule alifariki, pamoja na nyanya yake na mdogo wake. Ni msiba, na tunauheshimu. Lakini jueni pia kilichofuata. Waliokutana na wagonjwa walitafutwa mmoja mmoja, wakafuatiliwa, wakachanjwa, na safari ile kirusi hakikumwambukiza mtu mwingine ndani ya Uganda. Ebola hupita kwa majimaji ya mwili wa mgonjwa au maiti. Kirusi chake kimevaa koti la mafuta, na sabuni huyayeyusha mafuta hayo, kirusi kikaharibika. Ndiyo sababu mlinawishwa mikono pale mpakani Mpondwe kila mlipovuka.

Nimesema jioni alikuwa mmoja na asubuhi wakawa mamilioni. Hebu tuhesabu. Bakteria aliyepata joto na chakula anaweza kujigawa kuwa wawili kila baada ya dakika 20. Baada ya saa moja ni 8. Baada ya saa mbili ni 64. Endeleeni wenyewe kwa penseli mpaka zitimie saa nane. Mkikosea kidogo rudieni. Mtafika zaidi ya milioni 16. Ndiyo maana kiporo kilichoachwa mezani usiku kucha hutupwa hata kama hakinuki, badala ya kupashwa moto, kwa kuwa sumu nyingine zilizokwisha kutolewa na bakteria haziondoki kwa moto.

Na dawa za kuua bakteria? Zipo, na zimeokoa watu wengi. Ila haziui virusi, kwa hiyo hazitibu mafua. Na ukimeza nusu dozi ukaacha kwa sababu umepata nafuu, waliosalia wanaweza kuwa ndio wagumu, nao watazaa wagumu wenzao. Mezeni alizoandika mhudumu, kwa siku alizoandika, wala msigawiane.

Kabla hamjalala, nawapa kazi ya kufanya na mtu mzima. Chemsheni maziwa, yapozeni mpaka yawe vuguvugu, muyagawe kwenye vikombe viwili safi vyenye vifuniko. Kimoja kitieni kijiko cha mtindi wa jana, cha pili msitie kitu. Viwekeni mahali pa joto mpaka kesho, halafu mvitazame na kuvinusa, bila kuonja. Andikeni mlichokiona katika kila kikombe, mjiulize nani aliingia wapi na kwa njia ipi. Mkishajibu hilo kwa maziwa, liulizeni kwa ndoo ya maji nyumbani kwenu: imechotwa wapi, kikombe cha kuchotea kinakaa wapi, mkono wa mwisho kukishika ulitoka wapi. Majibu mtakayoyapata msiyafiche daftarini. Waambieni wazazi, na kama kuna njia iliyo wazi, izibeni pamoja.